Nilivyokwenda Mnarani Kumsikia Mzee Yosefu Akisoma

Nyinyi vijana mtakaoyasoma haya, kaeni vizuri kwanza, na mwenye kutafuna atafune amalize. Mimi si mtu wa maneno mengi. Chuoni, chuo cha Kurani, nilikaa miaka mitatu tu, mamangu akafariki, nikatolewa kuja kupika. Kwa hivyo msitafute mapambo humu. Nawaeleza safari moja ya siku nne, kutoka Mambrui hadi Mnarani na kurudi, katika miaka ya themanini, wakati Kilifi ilikuwa bado inavukwa kwa feri. Nimeona bora myasikie kwangu kuliko kwa jirani.

Jumatano, baada ya adhuhuri, lori la chumvi la kutoka Marereni lilisimama mbele ya nyumba yangu. Dereva wake, kijana wa Kigiriama jina lake Kazungu, alishuka na karatasi mkononi, akaniita hawe, yaani bibi kwa lugha yao.

"Hodi, hawe! Shikamoo. Una barua yako ya ng'ambo ya Kilifi."

"Marahaba. Nisomee, macho yangu yana ukungu."

Macho yangu hayakuwa na ukungu wowote. Nilikuwa nikiona sindano iliyoanguka mchangani. Herufi za Kizungu ndizo sikuzijua wakati ule. Miaka yote nilisema macho, na mji mzima ulijua si macho, na hapana mtu aliyethubutu kusema.

Barua ilikuwa ya Mzee Yosefu. Huyo alikuwa Yahudi, mtu wa Ulaya, na nyumba yake iko Mnarani, karibu na magofu ya zamani. Nilimpikia yeye na mkewe, Bi Ruti, miaka kumi na sita, mpaka marehemu mume wangu alipopooza nikarudi kwetu kumuuguza. Bi Ruti naye alikuwa amefariki, ulikuwa mwaka wa tatu. Kazungu akasoma:

"Mwanakombo, salamu. Jumamosi hii nasoma Taurati mbele ya watu, kama nilivyomwahidi Ruti. Wageni wanakuja wa Mombasa na Nairobi. Hapana ajuaye jiko la Ruti ila wewe. Nisiposoma mwaka huu, sitasoma tena. Njoo."

Lazima niwaeleze, la sivyo hamtaelewa. Kwa Mayahudi, mtoto wa kiume akifika miaka kumi na mitatu husimamishwa mbele ya watu akasoma Taurati kwa Kiebrania, kwa sauti na kwa mahadhi yake. Huyu Mzee Yosefu aliletwa Kenya akiwa mtoto wa miaka kumi. Wazazi wake walikimbia kwao, walikuwa wakitafutwa wauawe. Wakapata shamba bara huko, mbali na kila mtu wa dini yao. Hakuwako mwalimu wala watu kumi, na bila wanaume kumi hawaifungui Taurati. Alipofika miaka kumi na mitatu alikuwa akikamua ng'ombe. Akakua hivyo, akaoa, akazeeka, na kila alipoitwa asome mahali hujitia kikohozi. Mkewe alikuwa binti wa mwalimu, na ndiye aliyeanza kumfundisha kipande kimoja, cha Nabii Ibrahimu kuhama kwao. Alimfundishia jikoni, kwa sababu ukumbini wageni wangemwona. Miaka miwili, kila alasiri, wao wakisoma, mimi nikikuna nazi. Kisha Bi Ruti akafa, na kusoma kukafa.

Sasa alikuwa na miaka sitini na ushei, na alitaka kusimama.

Bi Riziki, jirani yangu, alikuwa amekwisha kusikia kabla barua haijakunjwa.

"Mwanakombo, safari yote hii kwa Yahudi?"

"Kwa mtu niliyekula kwake miaka kumi na sita na hakuwahi kunipandishia sauti. Mumeo mwenyewe amekufanyia nini?"

"Haya, nenda. Lakini juu ya chumvi utarudi umekauka kama papa wa kuanika."

Alhamisi, baada ya sala ya alfajiri, nilikuwa barazani na kikapu changu. Mkaza mwana wangu, Saida, ndiye aliyekitoa. Alikiweka chini taratibu, akangoja. Tulikuwa hatusemezani, mwezi wa pili huo. Sababu nitaisema mbele, haitanipotea. Nilipanda mbele kwa dereva bila kumuaga.

Daraja la Sabaki tulilivuka jua linachomoza. Vuli ilikuwa imeanza bara, na mto ulikuwa mwekundu kama mchuzi wa pilipili, umebeba magogo na majani. Watu wenye mashamba ya chini walikuwa wakihamisha mbuzi na masufuria. Kazungu alipunguza mwendo, akaniuliza.

"Hawe, huyo mzee anasoma nini uzeeni? Kwani utotoni hakusoma?"

"Hakusoma."

"Basi si imeshampita?"

"Imempita," nikasema. Na ndivyo nilivyoamini. Mtu mzima ana heshima yake, na heshima ni kama kanga nyeupe, ukishaitia doa huifui ikatoka. Nilikuwa nakwenda kumpikia. Hayo ya kusoma niliyaona ni balaa la mwenyewe.

Saa mbili tulikuwa Malindi. Kazungu alitaka chai, mimi nikaingia sokoni kununua iliki, bizari na ndimu, kwa kuwa wanawake wa Kilifi hawajui kuchagua iliki. Nikiwa narudi nikapita nyuma ya jengo moja, nikasikia sauti za watu wazima wakitamka pamoja, "a, e, i, o, u." Nikachungulia. Lilikuwa darasa la ngumbaru. Mama mmoja mwenye umri wangu alikuwa ubaoni, chaki ameishika kama mwiko, na mwalimu msichana akimwambia, "Mama, hilo tumbo la herufi liko upande wa pili." Darasa zima likacheka, na yule mama akacheka pia. Mimi nilijivuta buibui usoni nikaenda zangu, na mashavu yalikuwa yananiwaka kama niliyechekwa ni mimi.

Baada ya Gede njia ilikuwa nzuri. Tulipita msitu, tukaingia kwenye mikorosho ya Kilifi, na saa tano tukafika kwenye feri. Maji yalikuwa yamekupwa. Feri ilikuwa ikipakia watu, lakini lori lenye mzigo halikuweza kushuka mpaka maji yajae. Nikamwachia Kazungu chapati mbili, nikavuka kwa miguu yangu pamoja na wanawake wenye makapu ya korosho, nikapanda kilima cha Mnarani nikihema.

Mzee Yosefu nilimkuta amesimama mlangoni, shati limemning'inia.

"Mwanakombo! Umenenepa."

"Na wewe umekonda. Nani anakupikia?"

"Mikebe."

"Inaonekana."

Alicheka, lakini cheko lake lilikatika upesi. Nikaingia jikoni. Jiko la Bi Ruti halikuwa jiko la kuingia tu. Vyombo vya maziwa vilikaa rafu ya kushoto, vya nyama rafu ya kulia, na visu vyao mbalimbali, na vitambaa vyao mbalimbali, na ole wako uchanganye. Samaki ni mwenye magamba na mapezi tu. Kamba, pweza, ngisi, papa, hawakuvuka mlango ule. Na moto alikuwa akiuwasha yeye Bi Ruti mwenyewe kila asubuhi kabla sijaweka sufuria, kwa sababu ndiyo sheria yao, chakula kisiwe kimepikwa na mtu mwingine peke yake. Hilo halikuniudhi hata siku moja. Mtu mwenye masharti ya chakula mimi humwelewa haraka kuliko mtu anayekula kila kitu.

Rafu zote mbili zilikuwa na vumbi la kidole kizima. Nilisugua mpaka magharibi.

Ijumaa asubuhi na mapema nilishuka pwani nikanunua samaki, changu wanane. Muuzaji alinisukumia kamba wakubwa, wabichi, wanarukaruka.

"Mama, chukua hawa. Wazungu wanawapenda."

"Mzungu wangu hawali."

"Mzungu gani huyo?"

"Mwenye adabu ya kukataa. Nipimie changu."

Niliporudi, Mzee Yosefu alikuwa jikoni anawasha moto. Aliharibu vijiti vitatu vya kibiriti. Cha nne kikashika. Akabaki amechuchumaa anautazama.

"Mwanakombo, nimeghairi," akasema. "Wakija nitawaambia nina homa."

Nikaanza kupaa samaki. "Vyema," nikamwambia.

Nadhani alitaka nimbishie, kwa sababu aliinua uso. "Vyema?"

"Vyema. Mtu mzima hasimami kukosolewa mbele za watu. Kuna wageni wa Nairobi, kuna vijana. Utakosea, watakudharau, na wewe ni mtu wa kuamkiwa."

Ndipo nikamweleza ya Saida, ili aone kwamba nalijua ninalolisema. Nikamwambia: Mimi nyumbani ndiye ninayewasalisha wanawake. Magharibi hujipanga nyuma yangu mabinti zangu, wajukuu, na majirani sita, saba. Kuna sura moja naipenda, naisoma kila siku. Mwezi wa juzi niko katikati ya hiyo sura, nikasikia sauti nyuma yangu inanipa aya. Ni Saida. Amesoma huyo, babake ni mwalimu wa chuo, na Alhamisi alikuwa akiwasomesha wanawake wa mtaa ukumbini kwangu. Nikaendelea kama sikusikia. Akairudia. Nikaendelea. Akairudia mara ya tatu. Nilipotoa salamu niligeuka nikamwambia mbele yao wote, "Nani aliyekuuliza wewe? Umekuja nyumba hii jana, unataka kunisomesha mavyaa yako?" Na darasa lake la Alhamisi nikalifunga hapo hapo. Wanawake wakaondoka na misala yao kwapani.

"Ikaisha," nikasema. "Hapana aliyenikosoa tena."

Mzee Yosefu akachochea moto. Kisha akaniuliza, "Na ulikuwa umekosea?"

"Hilo si suala."

"Ndilo ninalokuuliza."

"Mzee, nina samaki wanane hapa."

Aliondoka akaenda kukaa ukumbini, upande wa pili wa dirisha la jiko. Mimi nikaloweka maharage na kumenya viazi, kwa sababu kuna chungu chao cha Sabato: maharage, ngano, viazi na mayai, hupandishwa Ijumaa kabla ya jua kutua na huachwa juu ya makaa mpaka adhuhuri ya siku ya pili, maana siku ya Sabato hawawashi moto. Ukikosea maji kwenye chungu hicho, kesho yake watu wanakula mkaa.

Nikiwa hapo nikamsikia anasoma. Chini kwa chini, si kwa mtu, kama mtu anayejikuna mahali palipozoea kuwasha. Kilikuwa kile kile kipande. Masikio yangu yalikijua chote. Maana yake sikuijua hata neno, wala sikuweza kukianza mwenyewe, lakini kikishaanza nilijua kinakopanda na kinakoshuka, kama mnavyojua njia ya kisimani gizani. Akaenda vizuri, akaenda, akafika mahali akakwama. Akarudi nyuma, akaja tena, akakwama pale pale. Mara ya tatu akakwama, na mimi kisu mkononi, kiazi mkononi, nikakitoa kile kilichofuata, kwa sauti yote, na mahadhi yake, kama alivyokuwa akikitoa Bi Ruti.

Halafu akaendelea kutoka pale nilipompa, mpaka mwisho.

Alipokuja mlangoni macho yalikuwa mekundu.

"Umeniaibisha," akasema.

"Sikukuaibisha! Ulikwama, nimekufungulia."

"Basi."

Alisema hilo tu. Akanitazama kidogo, akarudi ukumbini, akaanza tena kutoka juu. Mimi nilibaki nimesimama na kile kiazi. Kufungulia ni neno la msikitini. Imamu akikwama katika Kurani, aliye nyuma yake humfungulia, na imamu huipokea aya akaendelea, na hapana anayesema ameaibishwa. Nalijua hilo tangu utotoni. Nililijua na siku ile niliyomgeukia Saida.

Alasiri wageni walifika. Walikuwa wazee kwa wingi wao, na wake zao, mmoja anatembelea mkongojo. Nairobi alitoka Mwalimu Daudi, kijana wa miaka thelathini hivi, na Taurati yao ameikumbatia ndani ya nguo ya mahameli, kama mtu anayeshuka na mtoto mchanga. Mzee Yosefu hakusema ana homa. Aliwakaribisha. Kabla ya jua kutua wanawake wakawasha mishumaa, na mimi nikafunika chungu changu na kukizungushia makaa na majivu.

Jumamosi asubuhi, saa tatu, ukumbi ulikuwa umepangwa viti. Wanaume walitimia kumi na mmoja. Mimi nilikaa kwenye ushoroba, mlango wa jiko nyuma yangu, na hapo naona kila kitu. Waliifunua Taurati juu ya meza. Ni ngozi ndefu, imeandikwa kwa mkono. Jana yake Mwalimu Daudi alikuwa amenionyesha kwa mbali: herufi tupu, hazina irabu wala alama yoyote ya kukuonyesha usome vipi. Anayesoma lazima awe ameijua kabla ya kuitazama. Nilifahamu kwa nini yule mzee alitaka kughairi.

Wakamwita kwa jina lake na jina la babake. Akasimama. Mwalimu Daudi kulia kwake, mzee mwingine kushoto, na yeye katikati ameshika kijiti cha fedha cha kufuatia mstari.

Akaanza. Sauti yake ilikuwa ndogo, ikakua. Neno la nane au la kumi akakosea. Mimi sikujua kama amekosea, nilijua tu kwa kuwa sauti nne, tano zililitoa lile neno kwa pamoja, kwa nguvu. Mwalimu Daudi, yule mwenye mkongojo, hata bibi mmoja mnene wa Mombasa aliyekuwa nyuma na kitabu chake. Nilishikwa na joto mwili mzima. Nikasema moyoni, sasa wamemmaliza. Mzee Yosefu akarudi nyuma, akalisema neno kama lilivyo, akaendelea. Akakosea tena, wakamwambia tena, akarudi. Pale alipokwama jikoni alipita bila kugusa pande. Mbele yake akakwama vibaya, akasimama kabisa, jasho likimtoka, na hapana aliyekohoa wala kutazama saa. Mwalimu Daudi akampa nusu ya neno tu, taratibu. Mzee akaipokea, akalimaliza mwenyewe.

Sikuhesabu walimsahihisha mara ngapi. Nyingi. Alipofika mwisho nilidhani watanyamaza kwa kumwonea huruma. Kumbe walikuwa wamejaza peremende mifukoni. Wakaimba kwa nguvu, wakamrushia, mzee wa mvi, peremende zinamgonga kipara, zinamgonga miwani, na bibi mnene anapiga vigelegele visivyo vya Kiswahili. Ndivyo wanavyomfanyia mtoto wa miaka kumi na mitatu. Mzee Yosefu alisimama katikati yake, amefunga macho, mikono ameilaza juu ya ile Taurati, na midomo inacheza. Nilisikia jina la Ruti.

Adhuhuri wakala. Chungu kilikuwa kimekubali, maharage yamelainika, mayai yamegeuka rangi ya kahawia. Mwalimu Daudi alikuja ushorobani na sahani yake kunishukuru, na mimi nikaona nimkabili.

"Mwanangu, nikuulize. Mzee kama yule, anaweza kuwa babako. Huoni haya kumkatiza mbele ya watu?"

"Bibi, ningemwachia lile kosa angekuwa hakusoma."

"Angesoma alivyojaaliwa. Mungu anajua nia."

"Mungu anajua. Lakini hakuwa akijisomea yeye. Sisi wote tulikuwa tunasikiliza kupitia kwake. Akikosea nikanyamaza, wote mle ndani tumekosa kusoma wiki hii, na yule mama wa Mombasa, na yule mwenye mkongojo aliyetoka mbali. Kosa lake likawa letu, na mimi niliyejua nikanyamaza ndiye mwenye dhambi kubwa zaidi."

"Na yeye hatakuchukia?"

"Atanikasirikia mpaka kesho," akasema, akacheka. "Mimi mwenyewe waliniliza mara tatu."

Alasiri hawakulala. Wakakaa tena kwenye ile meza, wazee wote, na vitabu, wakagombana juu ya mstari mmoja saa mbili nzima. Yule mwenye mkongojo alikuwa daktari, amestaafu, na alikuwa akiuliza kama mtoto, "Sijaelewa. Hebu rudia." Bibi mnene akimwambia, "Wiki jana pia hukuelewa." "Na wiki ijayo nitakuja tena sijaelewa." Hivyo ndivyo wanavyokaa kila Sabato, nyumba kwa nyumba, huyu Mombasa, huyu Kilifi, na kwao hapana umri wa kumaliza. Mzee Yosefu alikaa kati yao. Miaka kumi na sita nilimjua, na meza ile hakuwahi kuikaribia. Alikuwa akijitia ana kazi bustanini.

Mimi nilikuwa nikiosha vyombo kwenye beseni, vya samaki mbali, na niliosha bila kuona ninachoosha. Nilikuwa nawaona wanawake wangu. Mabinti zangu, wajukuu, Bi Riziki, na wengine wamekwisha kufa. Walisimama nyuma yangu miaka na miaka, na mimi mbele nasoma. Ile sura nilikuwa nusu nilipotolewa chuoni, na nusu iliyobaki niliidaka kwa masikio, nikipita nje ya chuo na ndoo ya maji. Aya moja ilinipita. Na niwaambie kweli, kwa kuwa nimeshika kalamu na sitaki kufa na siri hii: nilijua kuwa imenipita. Miaka mingi kabla ya Saida nilishaisikia sura ile kwa wengine, nikatambua kwangu kuna pengo. Nikaona haya kuuliza pengo lenyewe ni lipi. Nikaendelea kuwasalisha watu.

Jumapili asubuhi niliagana na Mzee Yosefu. Alinisindikiza mpaka kwenye feri, mwendo ambao hakuutembea tangu mkewe afe.

"Nimekosea mara kumi na moja," akasema. "Daudi amehesabu, nimemlazimisha aniambie."

"Ni nyingi."

"Nyingi sana. Mwakani nataka zishuke." Kisha akasema, "Hukunijibu lile suala langu, Mwanakombo."

"Nilikuwa nimekosea," nikamwambia. Nilikuwa sijapata kuyatamka maneno hayo kwa kiumbe. Hayakuniua. Feri ikapiga honi, nikapanda.

Kilifi nilipata basi la Malindi, Malindi nikapata gari la Mambrui, na Sabaki ilikuwa imepanda zaidi, maji yamefika mizizi ya minazi. Watu ndani ya gari walisoma dua. Na mimi nikaomba, lakini si kwa ajili ya mto. Niliomba nisigeuze moyo kabla sijafika mlangoni.

Nilifika kabla ya magharibi. Saida alikuja kupokea kikapu, akainama, "Shikamoo, mama," na akageuka aende zake.

"Marahaba. Saida, weka kikapu. Kaa."

Akakaa kwa woga, kwenye ukingo wa mkeka.

"Ile sura. Nisomee, polepole. Na pale panaponipita, simama."

"Mama, mimi sikukusudia siku ile..."

"Sikukuuliza ulikusudia nini. Soma."

Akasoma. Alipofika hapo akasimama, sauti inamtetemeka, akaisoma ile aya. Fupi. Ni aya ya maneno machache, wanangu, mtoto wa miaka mitano huishika kwa asubuhi moja. Miaka hamsini nilikuwa nimeiruka. Niliirudia, nikaikosea, na akanyamaza.

"Nimekosea?"

"Kidogo, mama."

"Basi mbona umenyamaza?"

Akanisahihisha. Nikairudia. Akanisahihisha tena, na safari hii sauti yake haikutetemeka. Tulikaa hivyo mpaka muadhini akaadhini, na wanawake wakaanza kuingia na misala yao, Bi Riziki mbele, wakatukuta: mimi chini, mkaza mwana wangu ananisomesha. Bi Riziki akafungua mdomo. Nikamwambia, "Funga, nzi wataingia." Nikawaambia wote kwamba nimewasalisha na pengo, nalijua, na nawataka radhi. Nikamwambia Saida asimame mbele, awe imamu wetu. Nikajipanga nyuma, baina ya wajukuu zangu.

Baada ya salamu niliwazuia wa nyumbani wasiinuke, wakubwa kwa wadogo, na wanangu wa kiume nikawaita kutoka barazani waje wasikie. Nikawaambia: "Ukumbi huu ni wa darasa kila Alhamisi, na wa kwanza kukaa nitakuwa mimi. Na nikisoma, popote, mbele ya mtu yeyote, nikakosea, anayejua na aseme hapo hapo, kwa sauti. Awe mwanangu, awe mkaza mwana, awe mjukuu aliyenyonya jana. Atakayeninyamazia, chakula changu hali."